Abiria wa Beda Sikazwe

Jumatano asubuhi, saa mbili kasorobo, Beda Sikazwe alikuwa amechuchumaa kwenye kijiwe cha bodaboda nyuma ya soko, mjini Sumbawanga, akifunga tawi la mkaratusi kwenye taa ya mbele ya pikipiki yake. Upepo wa Julai ulikuwa unashuka kutoka Kwera na kupenya ndani ya majaketi. Pikipiki nyingine arobaini na moja zilikuwa zimeshapanga foleni hadi kwenye kona ya wauza mitumba, kila moja na tawi lake. Hakuna aliyelipwa kwa kazi ile, na hakuna aliyeuliza habari ya malipo. Askari wa jeshi aliyefia kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi alikuwa anapelekwa kuzikwa kijijini kwao, mbele kidogo ya Kaengesa, na kabla hajawa askari alikuwa dereva wa kijiwe hichohicho.

Kijiwe kilikuwa na taratibu zake za kumsindikiza dereva aliyefariki. Pikipiki ya mbele huenda na kiti kitupu cha nyuma, kwa heshima ya marehemu, na hakuna mtu anayekikalia mpaka kaburini. Lakini vile vyuma viwili vya kukanyagia abiria lazima vikunjwe juu. Ni ili marehemu aelewe kwamba ameheshimiwa tu, hajaalikwa kupanda. Hakuna aliyejua nani alianzisha jambo hilo. Walipomsindikiza dereva mwenzao Obed hadi Laela vyuma vilikunjwa, na safari ikaisha salama. Siku ile pikipiki ya mbele ilikuwa ya Beda, na Beda alikuwa amekunja chuma cha kushoto na anazunguka kwenda kukunja cha kulia, mama wa marehemu alipofika.

Aliitwa Emerensiana, ila mjini na kijijini watu walimwita Mama Leonsi. Alikuwa amejifunga vitenge viwili na kujitanda cha tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekunywa uji."

"Uji si kitu, na safari yenyewe hii." Akakaa kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, akakunjua kwa mguu kile chuma cha kushoto, akakikanyagia. Alikuwa amechoka. "Luteni alikuja jana kunisomea ratiba. Wameniandika mama mkubwa wa marehemu."

Beda aliinama akaivuta kamba ya tawi.

"Sikuwakatalia. Ningewaambia nini? Na mengine yote yaende yanavyokwenda, mimi sina neno. Nataka jambo moja. Jina lake litajwe pale kaburini kabla udongo haujaanza kushuka. Mara moja tu. Asije akafika huko mbele akaulizwa wewe ni nani, mwanangu akakosa la kusema."

"Nitamwomba Padre."

"Padre anajua, kambatiza mwenyewe. Anasema atasoma kilichoandikwa kwenye karatasi. Useme wewe, Beda. Lile jina lingine ni lako. Wewe ndiye mwenye haki ya kulichukua na kumrudishia la kwake."

"Nitasema, mama."

"Useme."

"Nitasema."

Aliposhuka na kwenda kupanda gari la wafiwa, Beda alibaki amesimama na kamba mkononi. Aliikumbuka kazi ya tawi. Vyuma hakuvikumbuka.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka tisa nyuma jina la Beda Sikazwe lilibandikwa ukutani pale wilayani, kwenye orodha ya vijana waliochaguliwa kwenda jeshini. Beda alilisoma mara tatu, akarudi nyumbani, akalala na homa. Haikuwa malaria. Aliogopa. Leonsi Kanyengele, rafiki yake tangu walipokuwa wanachunga ng'ombe pamoja, hakuwa na cheti, kwa kuwa shule aliiacha kidato cha pili. Alikuja akakaa kitandani, miguuni pa Beda, akasema, "Lete karatasi zako, naenda mimi. Huko hawaijui sura yako." Beda akampa cheti cha kidato cha nne, cha kuzaliwa na cha ubatizo. Basi la Mbeya liliondoka kumi na mbili asubuhi Leonsi akiwa ameshakuwa Beda, na Beda akabaki na pikipiki ya Leonsi. Ndiyo hiyohiyo aliyokuwa anaifunga tawi. Alikuwa ameibadilisha injini mara mbili.

Tangu hapo hakuwa na cheti cha kitu chochote. Kwa hiyo, akiwa na umri wa miaka thelathini na moja, jioni alikwenda darasani pamoja na watu wengine wazima, akasoma upya kuanzia kidato cha kwanza kama mtu ambaye hakuwahi kupita huko. Kijiwe kizima kilijua kwa nini. Kijiji kizima kilijua. Sasa watu walikuwa wanasema kwamba jeshi likigundua, jeneza litapakiwa tena kwenye lori lipelekwe wanakojua wao, na Beda atapelekwa kwingine.

Mwenyekiti wa kijiwe, Lutengano, mtu wa Tukuyu aliyekuja Sumbawanga kuuza vipuri akaishia kuvitumia, alikuwa ameshika bango la kitambaa cheupe. Lilisomeka: BURIANI KOPLO BEDA SIKAZWE.

"Mchoraji kaniuliza mara mbili," alimwambia Beda. "Nikamwambia andika hivyohivyo. Leo unajisindikiza mwenyewe, kaka. Si kila mtu anaipata nafasi hiyo."

"Acha, Lutengano."

"Naacha. Lakini ukifika mbele usikimbie. Sisi Mbeya maiti hatuisindikizi kama tunakimbiza mwizi."

Saa tatu na nusu lori la jeshi lilitokea, jeneza likiwa juu yake limefunikwa bendera, wanajeshi sita wameketi kandokando. Honi arobaini na mbili zikapigwa kwa pamoja. Msafara ukaondoka.

Beda alikuwa amevaa rozari kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na aliisali akiendesha, punje moja kwa kila nguzo ya umeme. Alikuwa anaomba ujasiri wa sentensi moja. Walipopita nyumba za mwisho za mji, alipokuwa katikati ya Salamu Maria ya fungu la pili, pikipiki ilizama nyuma. Shokapu zililia. Usukani ukawa mwepesi, kama unavyokuwa abiria mzito anapokaa vibaya.

"Usiwahi sana," sauti ilisema nyuma ya sikio lake. "Lori halina mwendo."

Beda alimaliza Salamu Maria aliyokuwa ameianza, kwa sababu si vizuri kuikatiza. Kisha akaitika. "Leonsi."

"Naam."

"Umepandia wapi?"

"Pale kwenye tuta. Vyuma ulikuwa umeniachia."

Beda aliangalia chini. Chuma cha kulia kilikuwa wazi, cha kushoto kilikuwa wazi, na juu ya vyote viwili kulikuwa na buti nyeusi zilizofungwa kamba vizuri. Mgongo wake ulianza kupata baridi, si ya upepo. Ilikuwa baridi ya mahali pamoja, upana wa kifua cha mtu.

Kelvin, aliyekuwa wa pili kwenye msafara, alisogea sambamba.

"Beda, vyuma hukukunja."

"Nimesahau."

"Basi tena." Akamgeukia abiria. "Kaka Leonsi, shikamoo. Pole na safari."

"Marahaba. Na nyie poleni na msiba."

Kelvin alirudi nyuma na kuwaeleza wenzake kwa ishara za mikono. Habari ikapita kutoka pikipiki hadi pikipiki mpaka ikafika mwisho, na waliokuwa mwisho wakapiga honi mara mbili kumsalimu.

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini trafiki alinyoosha mkono. Alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyewafahamu madereva wa mji mzima kwa makosa yao.

"Msafara nimeshaarifiwa, piteni. Wewe wa mbele simama. Abiria wako hana kofia."

"Afande, huyu ndiye marehemu."

"Nimeona. Sheria inasema abiria. Haikusema abiria wa namna gani."

Kelvin alifungua kofia ya akiba aliyokuwa ameining'iniza kwenye usukani, akaitoa. Leonsi akaivaa na kufunga mkanda wake chini ya kidevu.

"Leseni."

Beda akampa. Trafiki aliisoma, kisha akasoma kibao kidogo cha jina juu ya mfuko wa gwanda la abiria, kisha akairudia leseni.

"Sikazwe B. Na huyu naye Sikazwe B. Ndugu?"

"Tumekua pamoja, afande."

"Mmoja wenu ana kosa," alisema, akamrudishia leseni. "Ila leo ni msiba. Endeni."

Luteni aliyeongoza mazishi, mtu mrefu aitwaye Mayunga, alikuwa ameshuka kwenye lori kuona kwa nini wamesimama. Leonsi alipomwona alinyooka palepale alipoketi, akapiga saluti. Luteni akaijibu.

"Koplo Beda."

"Afande."

"Umekaa vizuri?"

"Nimekaa vizuri, afande."

Luteni alirudi kwenye lori na kuwaagiza wanajeshi waongeze kamba kwenye jeneza, maana tangu watoke mjini lilikuwa linateleza kwenye kila kona kama halina kitu.

Walipofika njia panda waliiacha lami. Pande zote mbili mashamba yalikuwa yameshavunwa, uwanda umebaki mtupu hadi upeo wa macho, na moshi wa tanuri za matofali ulikuwa umelala chini kwa sababu ya baridi. Vumbi la pikipiki arobaini na moja lilisimama juu ya barabara kama ukuta. Lakini nyuma ya pikipiki ya Beda hapakutimka vumbi. Tairi zake zilipita juu ya udongo kama zinapita kwenye sakafu iliyodekiwa, na hazikuacha alama.

Lutengano alisogea na bango lake. "Beda, leo nyuma yako pasafi. Ungekuwa hivi kila siku tungekupa uenyekiti."

"Nimelikaba koo vumbi nisilimeze," Leonsi alisema.

"Wewe tulia, marehemu hachangii mada," alisema Lutengano, akarudi nyuma akicheka.

Wanawake waliokuwa wanapepeta maharage kando ya barabara waliinuka na kuweka ungo chini. Wazee wawili wa Kaengesa walivua kofia mbele ya jeneza, kisha wakamwona aliyeketi nyuma ya Beda wakamsalimu kwa Kifipa, na yeye akawaitikia kwa Kifipa, akauliza habari za ng'ombe. Walimwambia ng'ombe wazima.

"Shule vipi?" Leonsi alimuuliza Beda.

"Nimefika kidato cha tatu. Hesabu zinanisumbua."

"Hesabu zilikusumbua hata mara ya kwanza."

"Sasa zinanisumbua zaidi." Beda alipunguza mwendo kwenye korongo. Alikuwa anataka kuuliza, na aliona aulize kabla kijiji hakijaonekana. "Iliuma?"

"Si sana. Ilikuwa mchana, tunarudi kambini. Nilijikuta nimelala chini, wenzangu wamenizunguka. Wakawa wananiita wasiache nikalala. Beda, Beda, kaa macho. Beda, itika." Alisogeza buti moja kwenye chuma. "Miaka tisa niliitika jina hilo bila kukosea, hata gwarideni, hata usingizini. Siku ile nilikuwa nimechoka. Nikajua wanakuita wewe. Nikanyamaza ili uitike."

Punje ya rozari iliyokuwa kwenye kidole cha Beda haikusogea hadi walipofika kijijini.

"Mama kakuomba kitu," Leonsi alisema.

"Ndiyo."

"Utaweza?"

"Nitasema."

"Kama utaweza," alisema Leonsi, kwa sauti ileile aliyoitumia zamani kumwambia mteja kwamba mvua huenda isinyeshe.

Beda aliegesha pikipiki kwenye ua wa miti kandokando ya makaburi. Leonsi hakushuka. Aliketi na kofia yake kichwani, mikono juu ya magoti, akiangalia watu wakikusanyika. Watoto walimpitia mbali kidogo, kama wanavyompitia mtu mzima asiyetaka kelele. Mama yake alipoteremka kwenye gari la wafiwa alikwenda moja kwa moja pale uani. Akamwekea kiganja shavuni, akakiacha hapo.

"Wa baridi wewe."

"Ni upepo, mama."

"Ngoja tumalize hili," alisema, akaenda kukaa kwenye kiti walichomwandikia mama mkubwa.

Luteni Mayunga alisoma historia ya marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa tatu kwa Mzee Sikazwe. Aliugua surua akiwa na miaka sita, akapona. Alikuwa kwenye kwaya ya vijana, sauti ya tatu. Alimaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri masomo yote isipokuwa hesabu. Yote yalikuwa kweli. Beda alisimama kwenye umati na kusikiliza maisha yake yakisomwa hadi siku ile orodha ilipobandikwa ukutani, na baada ya hapo yalikuwa maisha ya mtu mwingine, yenye nishani mbili. Yale ya kwake hayakumaliza dakika mbili.

Wanajeshi sita waliinua jeneza kwa nguvu waliyozoea, likapanda juu kuliko walivyotaka, ikabidi walivute chini. Wakatazamana, wakarekebisha hatua. Padre alisoma kutoka kwenye karatasi. Alisoma taratibu, na kila alipofika penye jina alikohoa kwanza. "Umpokee mtumishi wako Beda." Watu waliitikia wakiangalia viatu vyao.

Jeneza lilipokuwa limeshateremshwa, Luteni alikunja karatasi.

"Kabla ya udongo. Kuna mwenye neno la mwisho?"

Beda alinyoosha mkono. Njia ikafunguka, akafika kwenye ukingo wa kaburi. Aliona bendera ikiwa imekunjwa pembetatu juu ya mapaja ya Mama Leonsi. Aliona uso wa mama, umemtazama yeye tu, midomo yake imeshaanza kujiandaa kulitamka pamoja naye. Aliona lori nyuma ya watu, injini inanguruma, mlango wa nyuma umeachwa wazi. Aliona kijiji chake, watu aliowafahamu kwa majina na kwa mashamba, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Luteni alikuwa anamsubiri kwa adabu. Alikuwa na uso wa mtu mwema anayeshika sheria.

Jina lilikuwa fupi. Beda alilihisi mdomoni, likiwa kamili, kama kipande cha mkate wa komunyo kabla hakijalainika.

"Marehemu alikuwa rafiki yangu," alisema. "Alinisaidia sana."

Walisubiri kidogo waone kama kuna zaidi.

"Mungu amlaze mahali pema."

"Amina," wakasema.

Bunduki zikapigwa hewani mara tatu. Tarumbeta ilipolia, kule uani Leonsi alisimama juu ya vile vyuma vya kukanyagia, akapiga saluti, akabaki hivyo mpaka mwisho, kwa sababu amri ni amri. Mama Leonsi alipewa udongo autupe wa kwanza. Aliuchukua mkono mzima, akauangalia, akaufunga fundo kwenye pembe ya kitenge chake, akarudi kukaa. Wengine wakatupa wa kwao. Hawakumsema.

Beda alirudi kwenye pikipiki.

"Nimeshindwa."

"Nimeona," alisema Leonsi.

"Nisamehe."

Leonsi alifunga mkanda wa kofia. "Baridi inaongezeka. Twende, una darasa jioni."

Madereva walitegemea kwamba atashuka wakivuka korongo, au njia panda, au kwenye lile tuta alipopandia. Hakushuka. Kaburi lile lilikuwa na mwenyewe kwenye karatasi, na yeye hakuwa na pa kwenda. Waliporudi kijiweni Lutengano aliizunguka pikipiki, akaangalia buti juu ya vyuma, akasema kwamba kuanzia sasa Beda awe anapewa abiria wembamba.

Ikawa hivyo. Wateja walizoea. Mwenye mzigo alipanda pikipiki nyingine, asiye na mzigo alikaa nyuma ya Leonsi na kujifunga kanga vizuri, kwa ajili ya ile baridi. Asnath, muuza dagaa wa Kirando aliyeshuka stendi kila Ijumaa na kupakia ndoo zake pikipiki nyingine, alimpenda Leonsi kuliko abiria wa kawaida kwa kuwa hakuwa na maneno. Darasani Leonsi alikaa dawati la nyuma. Mwalimu Herieth alipoita mahudhurio siku ya kwanza na kufika kwa Beda Sikazwe, Leonsi aliitika "Nipo, afande!" kabla Beda hajafumbua mdomo, kwa mazoea ya miaka tisa. Mwalimu akaweka alama ya vema na kuendelea na jina lililofuata. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Beda aliacha kuitika, na mahudhurio yake hayakuwa na pengo hata siku alizougua.

Alikwenda kuungama. Padre alimsikiliza, akakohoa, akampa rozari tano na kumwambia aende akaseme ukweli. Rozari alizimaliza siku hiyohiyo.

Siku ya arobaini Mama Leonsi alikuja kijiweni asubuhi, akiwa na ufagio mpya na kikapu.

"Mnipeleke makaburini," alisema.

Alipanda nyuma ya mwanawe. Kwenye kizuizi yule mama trafiki alinyoosha mkono, akahesabu kwa kidole.

"Mshikaki huo, Beda. Watatu."

"Afande, ukiangalia kisheria..."

"Kisheria sijui niandike nini," alisema trafiki. "Kofia anayo? Anayo. Piteni."

Makaburini fundi Wiliam wa Kaengesa alikuwa amesimika msalaba wa saruji mahali pa ule wa mbao. Saruji ilikuwa bado mbichi. Alikuwa amechuchumaa na msumari wa inchi sita mkononi, ndoo ya maji kando yake. Leonsi, ambaye mara hii alishuka kwa kuwa palikuwa na kazi, aliishika ile ndoo na kumnyunyizia fundi pale alipoelekeza.

"Inawahi kukauka kwa upepo huu," alisema Wiliam. "Nipeni jina."

Mama Leonsi aliacha kufagia. Alimtazama Beda. Lile fundo la udongo lilikuwa bado kwenye pembe ya kitenge, limekuwa gumu kama kokwa. Hapakuwa na lori. Hapakuwa na Luteni. Mkokoteni wa ng'ombe ulipita barabarani umepakia mabua, na mwenye mkokoteni akawapungia mkono.

"Jina," Wiliam alirudia. Alimjua Leonsi tangu utotoni, na Leonsi alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake na ndoo yake. Lakini fundi huandika anachoambiwa.

Beda alifikiria faili lililoko kambini, na lile la mjini, na yote yaliyokwishapigwa mihuri. Alifikiria mtihani wa mwaka kesho. Aliangalia mikono yake.

"Beda," alisema. "Beda Sikazwe."

Msumari ukaanza kuchora. Mama Leonsi akaendelea kufagia, kuanzia kichwani kwenda miguuni, akikusanya majani makavu ya mkaratusi kuyaweka kando. Hakulia. Alifagia kaburi lile vizuri, kama mtu anayefagia mbele ya nyumba ya jirani aliyesafiri.

"Usisahau Koplo," Leonsi alimwambia fundi. "Cheo nilikisotea."

Wiliam akaongeza Koplo juu, kwa herufi ndogo, kwa kuwa nafasi ilikuwa imebaki kidogo.

Walipomaliza jua lilikuwa linaelekea saa tisa. Leonsi alirudi kwenye kiti chake. Mama yake akapanda nyuma yake, akamshika kiunoni kwa mikono miwili, akaegemeza shavu kwenye mgongo wa gwanda.

"Unasikia baridi?"

"Kama siku zote, mama."

Beda aliwasha pikipiki. Kabla ya kuondoka aliinama akaangalia chini, kila upande, kama walivyofanya madereva wote wa kijiwe kile tangu Julai. Vyuma vyote viwili vilikuwa wazi. Juu yake kulikuwa na zile buti nyeusi, na juu ya buti, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, kulikuwa na miguu ya mama, mitupu, yenye vumbi la makaburini.